Mbao Haishiki Maji

Niacheni niseme, maana nimenyamaza vya kutosha. Mimi Garama ni seremala, miaka kumi na tisa niko hapa Bombolulu, Kisauni, na sijawahi kudharauliwa kama nilivyodharauliwa kwa ajili ya lile tangi la samaki.

Aliyeniagiza ni Mwalimu Lavender wa chekechea kule Junda. Alitaka watoto wake waone samaki hai, na tangi la kioo kitupu la ukubwa aliotaka, kama kitanda, bei yake haishikiki. Nikamwambia nitalijenga kwa plaiwudi, kioo kiwe mbele tu. Akafurahi. Lakini mwenyekiti wa wazazi, Erastus, mtu wa bara anayekaa ploti ya pili kutoka kwetu, akacheka mpaka akakohoa. Mbao haishiki maji, akasema, plaiwudi ni ya dari. Akaweka sharti: watakuja Jumamosi wiki ijayo walikute limejaa na halivuji, la sivyo kazi apewe mwingine.

Sawa. Nikabana viungo kwa gundi na skrubu, nikapaka ndani epoksi, ile rangi nzito ya kuzuia maji, mara tatu, kila ikikauka napiga msasa, mpaka pakang'aa kama bakuli. Ijumaa nikatia kioo, nikakizungushia silikoni, ile gundi laini ya kuziba kingo. Silikoni nene vile yataka siku saba kukauka. Nikawaambia watu wote wa ploti, mmoja mmoja, lisiguswe.

Jumapili nikaenda kanisani, na ndipo mfereji ukatoa maji baada ya siku kumi na mbili. Sasa niambieni, watu wa Kisauni wakisikia maji yamekuja wanabakisha akili gani? Sufuria, beseni, ndoo, kila kitu kinajazwa. Bi Zuleikha, mwenye nyumba wetu, akaliona tangi langu liko wazi, akatia mpira wa maji. Narudi, maji yamefika juu, silikoni imechomoza, pembe yatiririka, ua wote matope. Nikafoka. Yeye akaniuliza kwani nilitaka maji ya Mungu yapite bure. Hata shikamoo yake sikumpa siku ile.

Nikakwangua silikoni yote kwa wembe, Jumatatu nikaanza upya. Jumamosi wageni wakafika, tangi tupu. Niliomba siku mbili tu. Erastus akasema habari za mafuriko ameshazisikia, akamwambia mwalimu waende zao. Mwalimu Lavender akanitazama kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko kicheko cha mwenzake. Mbao haikuvuja mahali popote! Ilivuja silikoni mbichi, tena si kwa kosa langu! Nani alinisikiliza?

Jumanne mfereji ukatoa maji tena, nikalijaza mwenyewe hadi juu. Halikutoa hata jasho. Kisha maji yakakatika, na ploti nzima ikawa yafua na kuoga kwa tangi langu. Bi Zuleikha ndiye wa kwanza kila asubuhi, na kopo lake, akinisifu kwa majirani. Nilimwacha ateke.

Siku ya sita akaja Erastus. Mwenyewe, na mitungi miwili mikononi, akiniita fundi wangu. Nikasimama mbele ya tangi.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "mbao haishiki maji. Sasa waja kuteka nini?"

Akatabasamu, akasema yale yalikuwa maneno tu. Maneno tu, na kazi yangu imekwenda! Nikamwambia hateki tone mpaka ampigie Mwalimu Lavender pale pale, nami nisikie, amweleze maji ya kuoga watoto wake ameyafuata wapi.

Bi Zuleikha alikuwa mlangoni, na wapangaji wawili nyuma yake. Erastus akaweka mitungi chini, akatoa simu.

"Mwalimu," akasema polepole, macho chini, "niko hapa kwa Garama. Nimekuja kumwomba maji ya lile tangi."