Wazima na Wazimu

Katika ofisi ya ramani, ghorofa ya tatu, alikuwapo mama mmoja aliyeitwa Nukta. Jina hilo hakupewa na wazazi. Wenzake walimbandika kwa sababu hakuna karatasi iliyopita mikononi mwake ikatoka bila kusahihishwa, hata liwe tangazo la choo kuharibika. Kazi yake ilikuwa kuhariri kitabu kikubwa cha majina ya mahali: miji, vijiji, vilima na mito ya nchi nzima, kila jina na wilaya yake, idadi ya watu wake na kilicho karibu nalo. Majina elfu kumi na moja. Posta walikitegemea, shule zilikitegemea, na wachora vibao vya barabarani hawakugusa rangi kabla ya kukifungua.

Lakini kinyozi hajinyoi. Miaka kumi na tisa iliyopita, Nukta akiwa mpiga taipu mgeni, tena wiki yake ya kwanza, kidole kilimteleza. Kijiji kilichoitwa Wazima kikatoka kitabuni kinaitwa Wazimu. Alipokuja kugundua, kitabu kilikuwa kimeshasambazwa, naye akauchuna. Mwaka uliofuata kibao kikasimamishwa barabara kuu: KARIBU WAZIMU. Siku moja safarini, mumewe alisimamisha gari apige picha na watoto chini ya kibao kile. Nukta alibaki garini akisingizia kichwa kinamuuma, na punde kikamuuma kweli.

Basi lilipokuja toleo jipya, kadi ya kwanza aliyoitoa kabatini ilikuwa hiyo. Akafuta u, akaweka a, akahisi kama mtu aliyechomolewa mwiba. Kanuni ilitaka wakazi waandikiwe barua na wapewe siku sitini za kupinga. Akaandika, akagonga muhuri, akakaa kusubiri shukrani.

Siku ya hamsini na nane walifika watu watatu: mwalimu mkuu wa shule ya kijiji, ambaye alikuwa mwanamke mrefu mwenye faili kwapani; dereva wa lori; na mama yake huyo dereva, bibi mfupi aliyepanda ngazi zote akikataa kushikwa mkono.

"Shikamoo, mama," Nukta alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nipe kiti kwanza, maneno baadaye."

Viti vya wageni vilikuwa viwili, kwa hiyo dereva akakalia boksi la ramani.

"Tumekuja kwa ajili ya barua yako," mwalimu mkuu alianza. "Sisi wawili tunapinga. Bibi amekuja kutupinga sisi."

Nukta alidhani hakusikia vizuri. "Mnapinga kurudishiwa jina lenu?"

"Mwanzoni tulilia, sikufichi. Kijana wetu akiomba kazi, akiulizwa katoka wapi, akajibu Wazimu, anaambiwa asubiri nje. Na zahanati yetu ndiyo usiseme. Watu walitoka wilaya nne kutafuta daktari wa akili, na sisi tuna mkunga mmoja tu."

"Sasa kimebadilika nini?"

"Kile kibao," dereva alidakia. "Magari yakaanza kusimama watu wapige picha. Mtu akisimama, kiu inampata. Mke wangu akaweka meza ya soda, jirani akaweka ya matunda. Leo pale kuna maduka ishirini na sita na kituo cha mafuta. Halafu kuna timu yetu ya mpira. Wenzetu wakisikia wanacheza na Wazimu, wanaingia uwanjani wameshafungwa mawili. Ukituita Wazima, nani atatuogopa?"

"Msikilize huyo," bibi alisema. "Mimi nimezaliwa Wazima. Babu zetu walifika pale wakikimbia tauni, wakahesabiana, wakakuta hakuna aliyepungua. Ndiyo wakapaita hivyo. Leo nife, nitangazwe ni bibi wa Wazimu? Nimekataa. Mimi nitakufa mzima."

"Mama, mtu hafi mzima."

"Wewe subiri uone." Kisha akamgeukia Nukta. "Ningemjua aliyeandika ule upuuzi, ningemuuliza alikuwa anawaza nini."

Nukta akavua miwani. Angeweza kusema hayo ni ya zamani, kumbukumbu zimepotea. Maneno hayo alikuwa nayo tayari kwa miaka mingi. Lakini siku hiyo hakuyatumia.

"Nilikuwa nawaza viatu," alisema. "Vilikuwa vipya, vinanibana. Ni mimi, mama. Nisamehe."

Dereva alitazama dari. Mwalimu mkuu alifungua faili lake, akalifunga.

"Viatu," bibi alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna. Hata mume wangu hajui."

Bibi akaanza kucheka, kwanza mabega, kisha tumbo, mpaka akaomba kitambaa cha kufutia machozi. "Miaka kumi na tisa umelala na kijiji kizima kifuani. Mwanangu, sisi tulikuwa Wazimu kwenye karatasi tu. Taabu yenyewe umeibeba wewe."

Kicheko kile kilimvuta mkuu wa idara kutoka chumba cha pili. Nukta alikuwa ameshayavulia nguo, ikabidi ayaoge. Akamweleza yote, na viatu vikiwamo. Mkuu aliomba ukurasa wa zamani, akausoma, akakuna shingo. Chini, penye neno "Imehakikiwa", palikuwa na sahihi, na sahihi ilikuwa yake.

"Mimi hata sikumbuki nilivaa viatu gani," alisema, akavuta kiti.

Nukta akapata nguvu. Akamuuliza dereva, "Kutoka kijijini hadi kwenye kibao ni umbali gani?"

"Kilomita mbili na nusu."

"Pale madukani kuna wanaolala?"

"Familia kumi na moja."

"Basi pale ni mahali, na mahali panahitaji jina." Akachukua kadi mpya, akaandika huku akisema kwa sauti. Kijiji, pamoja na shule na zahanati: Wazima. Soko la barabara kuu, pamoja na kituo cha mafuta: Wazimu.

"Na timu?" dereva aliuliza kwa wasiwasi.

"Uwanja uko wapi?"

"Nyuma ya maduka."

"Basi ni timu ya Wazimu."

Mwalimu mkuu alimtazama bibi. Bibi alifikiri, akatikisa kichwa kukubali. "Sawa. Kila mtu akaishi panapomfaa."

Kitabu kilipotoka, Nukta alipeleka nakala kijijini mwenyewe. Bibi alikaa mlangoni pake, mwalimu mkuu akasoma, bibi akifuata mstari kwa kidole. "Wazima. Kijiji. Watu mia sita na kumi na wawili. Shule, zahanati, kisima."

"Rudia hapo kwenye watu."

Mwalimu akarudia.

"Mmetupunja," bibi alisema. "Mkwe wangu kajifungua mapacha Jumanne."

Nukta, ambaye alikuwa hajawahi kuchafua kitabu kilichotoka kiwandani, alitoa kalamu, akakata kumi na wawili, akaandika kumi na wanne. Kisha akaomba aonyeshwe hao mapacha.