Posa ya Dirishani

"Shika hapo, usikaze sana, utaupasua," Honorata alisema, na binti yake Catherine akashika. Honorata akazungushia kipande cha mpira wa baiskeli pale mirija miwili ilipokutana, akakifunga, akaunganisha na wa tatu. Mrija wa kunywea pombe ya mtama humtosha mtu aliyekaa kwenye kigoda mbele ya mtungi. Lakini leo mtungi ulikuwa uani, na mnywaji alikuwa chumba namba tatu, nyuma ya dirisha la nondo, na sheria ilikuwa imesimama katikati.

Mnywaji mwenyewe alikuwa Mzee Bucumi wa Rumonge, ng'ambo ya Burundi. Alikuwa amevuka ziwa kuja kumposea Kubwimana, mtoto wa mdogo wake, fundi wa injini za boti pale Katonga, upande huu wa ziwa. Kubwimana na Catherine walipendana kabla mpaka haujafungwa. Ugonjwa ulipokuja, boti zikazuiwa, na mzee wa kusema maneno akabaki ng'ambo. Sasa mpaka ulikuwa umefunguliwa, ila kwa masharti: mgeni kutoka nje aliyechanjwa akishuka bandari ya Kibirizi anaonyesha cheti, anapimwa puani, kisha anakaa kwenye nyumba ya wageni iliyoruhusiwa mpaka majibu yatoke. Haonani na mtu ila dirishani. Na mtaa mzima wa Kasingirima, nyumba iliyoruhusiwa ilikuwa moja tu, ya Honorata, mama wa anayeposwa.

Jambo hilo peke yake lilitaka kuvunja posa. Leonardi, shemeji yake Honorata na msemaji wa ukoo tangu kaka yake afariki, alisema hajawahi kusikia mtu akiomba mke huku amelala kwenye nyumba ya mke. Walibishana hadi uji ukapoa. Mwishowe Leonardi aliamua kwamba kwa kuwa Bucumi amelipia chumba, yeye si mgeni, ni mteja, na hakuna mila inayomkataza mteja kuposa.

Honorata alikubali haraka, maana alikuwa na hofu yake. Asubuhi hiyo Catherine alimwambia, "Mama, boti inarudi Rumonge kesho kutwa. Mzee akiondoka bila neno, mimi nachukua begi langu naenda Katonga." Alisema kwa upole, na hapo ndipo Honorata alipoogopa. Binti anayepiga kelele hubembelezwa. Anayesema kwa upole ameshafungasha.

Kwenye kiti cha plastiki, mbali kidogo na mtungi, alikaa Adolf, bwana afya, mtu wa Mwandiga mwenye sauti ndogo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mgeni hatoki.

"Bwana Afya," Leonardi alimwita, "mrija huu unaruhusiwa?"

"Mwongozo hausemi kitu kuhusu mirija."

"Basi umeruhusiwa."

"Hausemi kwa sababu aliyeuandika hajawahi kuposa huku kwetu," Adolf alisema. "Ukivuta kisha ukaachia, kinachobaki kinarudi mtungini pamoja na mate."

"Mtu mzima haachii."

"Mpeni mtungi wake peke yake."

Leonardi alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama. "Na wewe ni Mha? Nikimpa mtungi wake peke yake, atajua nimemwekea kitu. Mimi naonja kwanza, yeye anafuata, mimi namalizia. Ndipo tumekunywa pamoja."

"Ego, ndivyo," sauti ya Bucumi ikasema dirishani. "Nikiachwa ninywe mwisho, nimekunywa kama mwizi."

Adolf alifikiri sana. Naye alikuwa ameoa, na kwa mtungi. "Haya. Mzee Leonardi aonje, Mzee Bucumi afuate, maneno yaanze. Lakini zamu ya kumalizia isubiri majibu."

Leonardi akaonja kwa mrija wake mfupi, akajifuta mdomo. Honorata akaupitisha mrija mrefu katikati ya nondo. Bucumi akavuta. Mashavu yakaingia ndani, macho yakatoka.

"Kuna kitu?" Leonardi aliuliza.

"Kuna upepo."

Kiungo cha pili kilikuwa kinapitisha hewa. Honorata akachukua kipande cha sabuni ya mche, akakisugua pale penye tundu mpaka pakaziba. Bucumi akavuta tena, akameza.

"Imefika," alisema. "Inanukia kama shati la Jumapili."

Majirani waliokuwa wakichungulia juu ya ua wakacheka, na Leonardi akasimama kuanza maneno.

"Tunasikia hatua nyumbani kwetu, lakini hatuoni miguu. Nani amekuja?"

"Miguu imefungiwa, mwenzangu. Mdomo ndio umekuja."

"Mdomo unatafuta nini?"

"Kwetu kuna jiko limejengwa, mafiga yote matatu, ila halijawahi kuona moto. Tumesikia kwenu moto upo."

"Upo," Leonardi alisema, na kifua kikamjaa. "Lakini moto wenyewe umesoma, unafundisha chekechea. Ninyi mnaokuja kuuomba, mna chombo gani cha—"

Akakohoa. Si kikohozi cha kusafisha koo. Kilikuwa kile kinachoanzia chini, kinachomfanya mtu ashike magoti.

Mrija ukarudi nje ya dirisha polepole, wenyewe, kama nyoka aliyekumbuka jambo.

"Unaumwa?" Bucumi aliuliza.

"Vumbi."

"Vumbi gani, na mvua imenyesha asubuhi?"

Kabla Leonardi hajajibu, simu ya Adolf ikalia. Alisikiliza, akaitikia, akasimama na kuvua barakoa ili tabasamu lake lionekane. "Majibu yametoka. Mzee Bucumi yuko salama. Anaweza kutoka."

Vigelegele vikapanda uani. Honorata mwenyewe alikimbia kufungua mlango wa chumba namba tatu. Mlango ukafunguka, kisha ukafungwa tena kutoka ndani.

"Sitoki," Bucumi alisema.

"Mzee, umeruhusiwa!"

"Mimi nimeruhusiwa. Na yeye? Mwenzangu Leonardi, cheti chako cha chanjo kiko wapi?"

Leonardi akautazama mtungi. Mtaa mzima ulijua. Kila wachanjaji walipofika Kasingirima, Leonardi alikumbuka kwamba ana shamba. Alikuwa akisema ana subira, anataka kwanza kuwaona waliochanjwa watakavyokuwa.

"Nimechanjwa kwetu," Bucumi aliendelea bila hasira. "Nimepimwa puani hadi machozi yakanitoka. Nimefungiwa kama kuku wa kitoweo. Nimekunywa sabuni. Yote ili nisikuambukize wewe. Sasa niambie, mimi nani ananilinda?"

Watu wote wakamgeukia Adolf. Adolf akajikuna kidevu. "Masharti yanamhusu mgeni kutoka nje. Mwenyeji hayamgusi."

"Basi na mrija wake usiniguse."

"Unanikataa?" Leonardi alifoka, na kufoka kukamletea kikohozi kingine.

Honorata aligeuka amtafute Catherine. Hakuwapo karibu na mtungi. Alikuwa amesimama mlangoni, na begi la bluu lilikuwa chini miguuni mwake.

Honorata alikwenda akasimama mbele ya Leonardi. Hakupaza sauti.

"Shemeji, kaka yako aliniachia binti mmoja na msemaji mmoja. Mmoja wenu lazima atoke hapa. Ama yeye aende Katonga na begi, ama wewe uende zahanati."

Leonardi alilitazama begi. Alimtazama mwenye begi, aliyemjua tangu akiwa mchanga mgongoni mwa mama yake. Kisha akamuuliza Adolf, kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo majirani waliisikia, "Sindano yenyewe ni kubwa?"

"Ndogo."

"Watu wa afya husema hivyo hivyo."

"Mimi nilianguka," Bucumi alisema dirishani.

"Ulianguka?"

"Kabla haijanigusa. Nesi alinimwagia maji, akanichanja nikiwa palepale chini."

Leonardi alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Adolf akaeleza kwamba mambo yana utaratibu wake: kesho asubuhi kikohozi kipimwe kwanza, chanjo ifuate, na mtungi usubiri majibu. Usiku huu ni heri Mzee Leonardi asiende kulala na wajukuu. Honorata akamfungulia chumba namba nne.

Basi jua liliposhuka upande wa Kongo, posa ilikuwa bado katikati ya sentensi. Honorata aliufunika mtungi kwa jani la mgomba, akaweka jiwe juu. Catherine alikuwa amelikalia begi lake, hajalipeleka Katonga wala hajalirudisha chumbani.

"Kesho, mwanangu," Honorata alimwambia.

"Kesho," Catherine alijibu, na safari hii hakusema kwa upole sana.

Madirishani wazee wawili walikuwa wakizungumza, kila mmoja ameshika nondo zake.

"Mwenzangu," Leonardi aliuliza, "ulipoanguka, ulikuwa umesimama?"

"Nilikuwa nimekaa."

Leonardi aliachia nondo. "Basi mimi nitawaomba mkeka."