Fiwi za Gasper

Yunisi alikuwa akimenya mihogo nyuma ya jiko, huko Mwandiga, pale mmea uliochipua kwenye kaburi la mumewe ulipovuka uzio wa minyaa na kushika njia ya kwa shemeji yake Gasper. Haukuwa na haraka. Ulisimama kupisha bodaboda, ukavuka barabara. Jioni ulikuwa umeshaingia dirishani kwa Gasper na kujizungusha kwenye kiti chake.

Gasper alichukua shamba la marehemu kaka yake Feliksi udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi, eti ardhi ya ukoo haiendi kwa mwanamke wa kuja.

Mmea wenyewe kila mtu aliujua. Majani matatu matatu kama ya fiwi, sawa. Lakini ganda la fiwi ni bapa na laini, na maganda haya yalining'inia kwa vishada, yamevaa manyoya ya kahawia. Hata mbuzi wa Mwandiga wanaujua upupu.

Ila upupu huu ulichagua watu. Yunisi aliuchuma kwa mikono mitupu, hakuwashwa. Waliokula mavuno ya shamba lile waliwashwa kwa kuupita tu. Kuuita upupu ilikuwa kukiri wizi, na hapo shamba lingerudi kwa mwenyewe.

Wazee wa ukoo wakakaa barazani kwa Yunisi kuliamua shauri. Mzee Dismasi, aliyepelekewa gunia la mahindi ya shamba hilo, alifunua jani kwa fimbo akiwa mbali.

"Fiwi hizi," alisema.

"Zina manyoya, Mzee," alisema Yunisi.

"Mbegu ya kisasa."

Wenzake wakaitikia huku wakijikuna. Yunisi aliwadharau, wala hakuficha. Alikwenda jikoni, akarudi na sufuria ya maganda yale yale, yamechemshwa.

"Karibuni fiwi, wazee wangu."

Walikula. Loo, watu wazima na mvi zao! Midomo iliwavimba, machozi yakawatoka, na Mzee Dismasi, akijisugua mgongo kwenye nguzo ya baraza, alisifu chumvi. Kisha walithibitisha kuwa shamba ni la Gasper, wakaaga.

Mvua zilipoanza, Gasper alilima akiwa amevaa soksi mikononi. Mmea ulimfuata hadi shambani, naye akauchomekea miti ya kutambalia, kama fiwi zinavyotaka. Yunisi alipita na jembe begani, akienda kulima kibarua kwa watu.

"Fiwi zimestawi, shemeji."

"Sana," alijibu Gasper, akijikuna hadi damu.