Eda ya Mahindi ya Njano

Wanawake walikalishwa kwenye nyasi nyuma ya jiko, karibu na kamba za kuanikia nguo, na jua la saa nne lilikuwa limeshawafikia. Barazani, kivulini, mabibi wa kamati walikuwa wakinywa chai. Nyumba yenyewe ilikuwa ya serikali, hapo Kileleshwa, mtaa wa wakubwa jijini. Kabla ya uhuru alikaa Mzungu. Sasa ilikaa familia ya Bwana Mbithi wa wizarani, na mkewe Kanini ndiye mwenyekiti wa msaada kwa watu waliohamishwa na vita na ukame. Mwanasha alikuwa miongoni mwa wale wa nyasini, na bintiye Zena mapajani. Mtoto alikuwa wa miaka minne, lakini ukimbeba utadhani wa miwili. Hakulia. Angelia, mamake angefurahi.

"Wewe, mama ya Lamu! Kuja," Bibi Mbithi akaita kutoka barazani.

Mwanasha akainuka, akavua ndara chini ya ngazi bila kuambiwa. Hii ilikuwa mara yake ya pili kupanda baraza ile. Mara ya kwanza, juma lililopita, alisema kweli, na kweli ikampatia koti zito la mwanamume na kwaheri.

Kweli yenyewe ilikuwa hivi. Mvua ilipokosa mwaka wa pili, visima vya kijijini kwao, huko bara kaskazini ya Lamu, viligeuka chumvi vyote isipokuwa kimoja. Basi kila mwenye kiu akakijia hicho kimoja: ng'ombe, shifta, na askari waliokuwa wakiwasaka shifta. Shifta, wale waasi wa kaskazini waliopigana na serikali, walikuja wakachukua mbuzi na nafaka. Askari wakaja baada yao wakasema kijiji kinawalisha shifta. Wanaume waliokutwa kisimani walipakiwa kwenye lori, Athman mumewe akiwa mmoja wao, ndoo mkononi, na wengine wote wakaamriwa wahame kabla ya magharibi. Mwanasha akafika jijini na mtoto wake; tangu siku ile Athman hajaonekana, si mzima si maiti.

"Nani alichukua yeye?" Bibi Mbithi alikuwa ameuliza.

"Askari, bibi."

Vikombe vilitulia. Mwalimu Mbarak, mwalimu wa chuo cha Kurani kule Ngara, aliyewekwa katika kamati ile ili awatambue Waislamu wenzake, alikohoa akatazama bustani.

"Serikali haishiki mtu bure," Bibi Mbithi akasema, kwa upole, maana hakuwa mwanamke mkali. "Na hii chakula inatoka kwa serikali. Sasa mimi nitasema nini? Nalisha bibi ya shifta? Hapa tunasaidia wajane, wale bwana zao waliuawa na shifta."

Ndipo Bi Salme, mwenye vyumba vya kupangisha juu ya duka la mabati River Road, alikopanga Mwanasha, alipomwambia Mwanasha bila kuzunguka. "Wee mtoto, sema amekufa. Kwani ukisema ndiyo unamuua? Tazama hicho kitoto chako kilivyo!" Mwanasha alikitazama. Siku nzima alikuwa akikitazama.

Kwa hiyo leo, alipoulizwa tena bwana yake yuko wapi, alikuwa tayari.

"Amekufa."

"Nani aliua yeye?"

Mwanasha alitazama sahani ya biskuti. Zilikuwa na sukari juu.

"Shifta. Kisimani."

"Woi, pole, mama." Macho ya Bibi Mbithi yalilengwa na machozi, na hayakuwa machozi ya uongo. Aliita mtumishi, akaamuru mama huyu apewe gunia dogo la mahindi ya njano, yale yaliyotoka Marekani, na maziwa ya unga, na blanketi. Kisha akachukua biskuti kwa mkono wake mwenyewe akampa Zena. Mtoto aliishika, hakujua aanzie wapi.

Mwalimu Mbarak alimpata njiani, gunia kichwani, mtoto mgongoni.

"Mungu akupe subira," akasema. "Eda yako inaanza leo."

Mwanasha alidhani anafanyiwa mzaha. "Mwalimu, wewe wanijua. Nimesema kwa sababu ya mahindi."

"Na mahindi umepata." Alizungumza taratibu, kama yuko chuoni. "Dereva wa bibi yule hununua nyama River Road. Akikuona kesho na sinia lako la mahamri, atakwenda kumwambia kwamba mjane wa jana yuko barabarani anauza na kucheka na wateja. Bibi ameshaniuliza mila zetu zikoje, nami nimemwambia: mwanamke wetu akifiwa hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Pale nyasini umewaona wenzako. Wengine ni wajane kweli. Wewe ukionekana mwongo, sote tutakuwa waongo, na mlango utafungwa."

"Kitabu kinasema nini, Mwalimu, juu ya mume aliyepotea?"

"Mkewe hungoja, hata kadhi aamue. Hungoja miaka." Mwalimu alivuta pumzi. "Una miaka wewe?"

Mwanasha alimpandisha Zena mgongoni. Gunia lilikuwa linamlemea shingo.

"Na jambo jingine. Watakuja watu kukuuliza. Wengine hutumwa, nao huja na maneno mazuri. Jibu lako liwe moja kwa wote."

"Na Athman akiwa hai?"

"Akiwa hai," alisema Mwalimu, "Mungu anajua kwamba yu hai."

Siku ya tatu ikasomwa hitma ya kumwombea Athman. Hakuna aliyedai kulishwa, lakini nani atawaita watu wasome Kurani kisha awaage na maji matupu? Aibu hiyo! Mahindi karibu yote yaliuzwa kwa mfuga kuku wa Ngara, ukanunuliwa mchele na samli kidogo. Wanaume walijaa ukumbini kwa Bi Salme wakasoma vizuri sana. Ndani, wanawake walimvua Mwanasha bangili, wakamvika nguo nyeupe, wakamkalisha kwenye mkeka. Walimsubiri alie. Alijaribu. Alimfikiria Athman akipandishwa lori, lakini machozi hayakuja, na wanawake wakaambiana kwamba maskini, uchungu umempita kiasi.

Zena alikula pilau kwa mikono miwili hadi tumbo likawa gumu.

"Mama," akauliza, "na kesho tutasoma?"

Eda ikaendelea. Bibi Mbithi alipopata habari zake alipendezwa mno, akaruhusu Bi Salme awe anamchukulia mahindi. Siku moja alikuja mwenyewe na mabibi wawili wa Kizungu, wakasimama mlangoni wakamtazama Mwanasha katika nguo zake nyeupe. Mmoja aliinamisha kichwa. "Hii sasa ni mama ya heshima," Bibi Mbithi akasema, "si kama wale wanakimbia kuolewa." Mwanasha alikaa pale pale. Mahamri hayakuuzwa tena, kwa hiyo sehemu kubwa ya mahindi ilikwenda kwenye kodi ya chumba. Kilichobaki alikisonga sima, na sima ile ilinuka gunia. Zena alianza kusimama bila kushika ukuta. Hilo lilitosha.

Usimwone hana moyo. Mwanzoni, kila alfajiri alikuwa akisema kimya kimya, Athman nisamehe, yu hai Athman. Siku moja akasahau kusema. Kisha akaanza kumwona amelala kando ya kisima, miguu kwenye tope, na shifta wakiondoka. Alikuwa amelieleza jambo hilo kwa watu wengi mno. Mwaka ule wa ukame hapakuwa na tope popote, lakini yeye sasa alilikumbuka.

Alasiri moja mtu alipanda ngazi akabisha hodi. Bi Salme akafungua mlango, akasimama katikati yake. Mwanasha, kama mke wa eda, akajirudisha nyuma ya pazia na ungo wake.

"Namtafuta mke wa Athman Shee," mtu akasema. Ilikuwa sauti ya pwani. "Mimi natoka kambini, kaskazini, tulikofungwa. Tumefunguliwa sisi tuliofuatwa na jamaa zetu. Askari wamesema, atakayejiwa na mtu wa kwao akatambuliwa, ataachwa. Athman yuko kule bado. Sasa anachechemea, lakini ni mzima. Anamuulizia mtoto."

Bi Salme akageuka akalitazama pazia.

Mwanasha alingoja moyo wake uruke. Haukuruka. Athman hakuwa na mguu mbovu, akawaza. Lakini hiyo ilikuwa kabla ya lori. Anamuulizia mtoto, na nani asiyekuwa na mtoto? Sauti ya pwani. Na watu wa kamati wakitaka kumjaribu, si watamtuma mtu wa pwani? Zena alikuwa amelala miguuni pake, mdomo wazi, mashavu yameanza kujaa.

Bi Salme akapenyeza kichwa pazia lilipoachana. "Muulize," akanong'ona. "Muulize jambo alijualo Athman peke yake. Muulize, mwanangu!"

Lilikuwepo jambo hilo. Yalikuwepo mengi. Lakini mjane haulizi kama mumewe yu hai. Kuuliza kwenyewe ni kukiri.

"Mwambie mume wangu ameuawa," Mwanasha akasema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Na shifta."

Mtu yule aliteremka ngazi moja.

"Haya," akasema. "Nikipata wa kumtuma kule, nitawaambia Athman hana mtu."

Ngazi za mbao zikalia chini ya miguu yake. Bi Salme alijiziba mdomo kwa upindo wa leso, akakaa chini pale pale mlangoni. Mwanasha aliuvuta ungo akarudi kuchagua fukusi katika mahindi. Chini, mbele ya duka la mabati, mtu yule alisimama kidogo, kama anayengoja kuitwa. Hakuna aliyemwita, akaenda zake.