Utando Mnene, Sumaku Butu

Mara ya thelathini na nane, dawa ilitoka yote ndani ya saa moja. Mtafiti aliipima tena, kana kwamba mashine ingeona haya na kubadili jibu. Haikubadili.

Kazi yake ilikuwa rahisi kuisimulia, ngumu kuitenda. Alichukua chembe za chuma, ndogo kuliko hata vumbi, akazivika utando wa polima uliobeba dawa ya saratani. Sumaku ingezivuta hadi kwenye uvimbe, na dawa ichuruzike hapo taratibu, siku nzima, bila kuutesa mwili wote. Anayeteswa alimjua: shangazi yake aliyemlea. Kila alipotundikiwa dripu ya dawa hiyo, alitapika siku tatu.

"Dawa yako ya sumaku imefikia wapi?" Shangazi aliuliza kwenye simu.

"Bado inanizungusha."

"Na wewe izungushe!"

Mwenzake wa maabara, waliyembandika jina la Birika kwa kupenda chai, ndiye aliyeona kasoro. "Mbona unazikausha kwenye oveni?"

"Mkuu wa maabara anataka majibu kabla ya mwezi kwisha."

"Utando ukikaushwa kwa pupa si unapasuka?"

Aliziangalia kwenye hadubini kubwa. Nyufa tupu, kama tope la kiangazi. Miezi saba! Alitamani kujizaba kibao.

Akaanza upya. Akaongeza unene wa utando, akaziacha zikauke zenyewe kwa siku nne. Safari hii dawa ilitoka kidogo kidogo, kutwa nzima. Alipiga kigelegele hadi mlinzi akachungulia. Kisha akasogeza sumaku kwenye kichupa. Chembe zikaelea tu, wala hazikushtuka. Utando ulikuwa umenenepa mno, chuma kilichofunikwa ndani hakikuwa na nguvu ya kuitika sumaku.

"Mvumilivu hula..." Birika alianza.

"Ukiimalizia hiyo methali nakumwagia chai yako!"

Jioni alimweleza Shangazi yote, pembeni ya kitanda.

"Kwa hiyo mimi dawa yako haitanikuta hai."

"Haitakukuta, Shangazi. Hata ikikubali kesho, kuna miaka ya majaribio."

Shangazi alivua kitambaa, akafuta jasho kwenye kichwa kisicho na unywele hata mmoja. "Mimi nilijua zamani. Wewe ndiye ulikuwa hutaki kujua. Haya, lete beseni upesi, moyo umenichafuka."

Akalileta, akalishika kwa mikono miwili.