Viti vya Kona

Siku hiyo mjinga alikuwa mimi. Nalisema mapema usije ukahangaika kumtafuta.

Dada yangu ana duka la kazi za mikono: vikapu ukutani, vyungu sakafuni, na kwenye kona ya ndani viti anavyounda mwenyewe. Biashara ilikuwa imelala fofofo. Mimi, mpiga gitaa nisiye na pa kupigia, nikamganda wiki nzima. "Dada, alasiri moja tu ya muziki. Watu watajaa!" Akakubali kwa kuchoka, si kwa kupenda.

Siku yenyewe alikuwa akimtarajia mwalimu mkuu wa shule ya jirani, aje aone viti sita vya mfano. Vikimpendeza, angeagiza arobaini vya maktaba. Kazi kubwa kuliko zote tangu dada afungue duka.

Saa nane akatoka kumpokea. Mlangoni akageuka. "Viti vya kona usiviguse. Nimevitia gundi leo asubuhi, kufagia kwa ajili ya muziki wako kumenichelewesha. Mwalimu ataviona hivyohivyo na kamba zake."

"Kwani mimi mtoto?"

Akaenda zake.

Watu walijaa kweli, hadi kizingitini. Mabenchi mawili yakawa si kitu. Na kule kona viti sita vimekaa bure, miguu imebanwa kwa kamba zilizonyongwa na vijiti, kama majeruhi. Nikagusa gundi kwa kidole: kavu. Kavu ya juu, kumbe. Ndani ya kiungo haikuwa na habari na haraka zangu. Nikafungua kamba zote, nikazikunja vizuri, nikapanga viti mstari wa mbele. Hata kukunja kamba nilijisifia.

Nilikuwa katikati ya wimbo wa pili dada alipotokea mlangoni na mgeni wake. Kiherehere kikanipanda. "Mwalimu wetu, karibu kiti cha mbele!" Umati ukampisha, ukafunga tena nyuma yake. Dada akabaki mlangoni akipunga mikono yote miwili. Nikadhani anacheza. Nikaongeza sauti.

Cha kwanza kilikuwa cha fundi cherehani, jirani yetu mnene: kikatanua miguu kama ndama mchanga. Kikafuata cha pili, cha tatu. Watu wote wakasimama kwa mpigo mmoja, nami, nikidhani ni heshima, nikainama kuipokea. Nilipoinua kichwa mwalimu mkuu alikuwa chini, mkoba kifuani.

Akanyanyuka, akakung'uta sketi.

"Mwalimu, gundi ilikuwa bado mbichi," dada alisema, amefika akihema. "Nipe hadi kesho."

"Mimi nimekaa kwa adabu, mama. Watoto wangu hukaa kwa kurukaruka." Akampa mkono, akaondoka.

Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Hakuna aliyebeba hata kikapu. Dada akapiga magoti kuokota miguu ya viti, akiipangusa gundi mmoja baada ya mwingine.

"Lakini watu walijaa," nikasema.

Akaokota mguu mwingine.

"Nilitaka kukusaidia, dada. Unaninunia kama mtu baki! Mimi si ndugu yako, damu yako?"

Hakuinua hata macho.

"Ndiyo maana uko humu. Mtu baki ningemfukuza asubuhi."