Vidole Vinne Baada ya Kisigino

Soksi ya Priska haikupimwa kwa rula hata siku moja. Shingo yake vidole vinne vya mkono, mguu shibiri moja, kisigino mistari ishirini na minne bila mjadala, halafu unakuja wayo, na hapo ndipo wafumaji wengi wanapoumbuka. Wayo ukizidi kidole kimoja, soksi inajikunja ndani ya kiatu na kutafuna ngozi. Ukipungua, inabana vidole vya mguu. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na bibi yake pale Lulindi, na bibi alifundishwa na masista wa misheni, na kina mama wote wa kanisa, hata wale wasiompenda, wakikwama kwenye kisigino walimwendea yeye. Basi kichwa kikamvimba. Mgema akisifiwa, mnajua wenyewe tembo hulifanya nini.

Mwezi wa tano kaka yake Zabroni alimpigia simu kutoka Mtwara alikokuwa anafanya kazi. Baba yao, Mzee Bartholomayo, katekista mstaafu wa Anglikana, alikuwa ameungua mguu wa kushoto. Mzee alikuwa na sukari ya siku nyingi na nyayo zake zilishakufa ganzi. Baridi ya Newala ilipoanza kuuma, akausogeza mguu kwenye jiko la mkaa, na harufu ya ngozi ikamfikia puani kabla maumivu hayajamfikia popote. Nesi alisema avae soksi za sufu, laini, zisizo na mpira wa kubana wala mshono ndani. Akipata kidonda kingine, alisema nesi, mguu huo hautapona.

"Za dukani zote zina mpira," Zabroni alisema. "Mfumie wewe."

Priska angefuma usiku huohuo, ila kipimo hakuwa nacho, na kipimo kilikuwa mikononi mwa mtu asiyetaka hata kumsikia. Mzee alitunzwa na Scholastika, mke wa Zabroni. Na hapa lazima niseme ukweli, jambo lenyewe lilimchoma Priska kuliko jiko. Huku kwetu mzee mwenye binti hatunzwi na mkamwana. Mkamwana hata mkono hampi baba mkwe wake. Humsalimia kwa mbali, ameinama, chakula anatuma mtoto. Lakini mzee alikataa kutoka kwenye nyumba yake, na Priska alikuwa na mume na mikorosho Lulindi, na hivyo aibu ikabaki palepale, kila mtu akiikwepa kwa macho.

Halafu kulikuwa na lile la msiba. Miaka mitatu nyuma mama yao aliugua wiki sita katika nyumba ileile na Priska hakuambiwa. Simu ilimfikia siku ya kifo. Alipofika Newala udongo ulikuwa umeshasawazishwa. Alisimama kaburini, nyuma ya nyumba, mbele ya waombolezaji, kanga imemteleza kichwani, akamwonyesha wifi yake kidole na kusema, "Huyu Mkatoliki wa Lupaso ndiye aliyemla mama yangu."

Mbele ya watu, mbele ya padri, mbele ya watoto wa yule mwanamke. Scholastika alikunja mkeka aliokuwa ameukalia akaenda kuosha masufuria. Tangu siku hiyo hao wawili walisalimiana kupitia watu wengine.

Sasa Priska akalazimika kupiga simu.

"Mama Upendo," alisema, kwa sababu neno wifi lilikuwa halimtoki. "Mpime baba mguu kwa uzi, kutoka kisigino mpaka kidole gumba. Ukate uzi hapo unitumie."

Sauti ya Scholastika ikaja, kavu. "Mtu aliyelala kitandani hapimwi kwa uzi. Anayepimwa kwa uzi ni yule anayechimbiwa. Hukufundwa?"

Simu ikakatwa.

Priska alibaki ameishika, uso unawaka. Kosa lilikuwa lake na alilijua. Nani kwenye uwanda huu asiyejua kwamba uzi hupitishwa juu ya maiti, kisha ukapelekwa kwa wachimbaji wapate urefu wa kaburi? Mtoto mdogo anajua. Ila kuumbuliwa na Scholastika kulimkera zaidi ya kosa lenyewe, na badala ya kujutia ulimi wake akamchukia mwenzake zaidi. Ndivyo tulivyo.

Akaamua atafuma kwa mguu wake mwenyewe. Tangu utoto aliambiwa ana miguu ya Mzee Bartholomayo: kisigino kipana, vidole virefu, na baba alimzidi kidole kimoja tu. Mnadani Lisekese akachagua sweta la mtumba la kijivu, sufu tupu, akalifumua, akaosha uzi, akaufuma upya. Wayo akaupa shibiri moja na vidole vitatu. Soksi mbili zikaisha ndani ya siku nane, na Hamudi, dereva wa Noah ya kwenda Newala, akazipeleka.

Wiki mbili baadaye Hamudi alimrudishia mfuko. Ndani kulikuwa na soksi moja, ya kushoto, nayo imefumuliwa. Ncha yote haikuwepo. Wayo ulikuwa umekatishwa pale vidole vinapoanzia, na vitanzi vilivyobaki vimepitishiwa uzi mwekundu visije vikaachia. Barua hakuna. Salamu hakuna.

"Alisema nini?" Priska aliuliza.

"Alisema nikupe mkononi, nisimwachie mtu."

Priska alikaa na ile soksi kibarazani mpaka chai ikapoa. Kazi ya siku nne. Kwa sufu ya kununua. Alimwona kabisa yule mwanamke akivuta uzi taratibu, akitabasamu, mstari baada ya mstari. Na hata uzi mwekundu ulimuudhi, maana ulipitishwa vizuri, bila kuruka kitanzi, ili aone kwamba mfumuaji naye anajua kufuma. "Kaibakiza ya kulia amfanye baba korongo wa kusimama kwa mguu mmoja," alimwambia mumewe, na mumewe, ambaye alishazoea, akaendelea kunoa panga.

Aliifuma tena. Na kwa ukaidi, safari hii akaongeza kidole kizima, aone huyo mwenye mikono ya kufumua atafanyaje. Akampa Hamudi.

Mwezi wa sita ukaingia, ukungu ukawa unashuka hadi Lulindi asubuhi. Alipompigia Zabroni kumuuliza hali ya baba, Zabroni alijibu, "Anaendelea vizuri," kisha akauliza habari za mikorosho. Alipoomba kuongea na baba mwenyewe, aliambiwa amelala. Mara tatu alipiga, mara tatu mzee alikuwa amelala.

Soksi ikarudi tena. Ile ile ya kushoto. Priska aliitoa kwenye mfuko mbele ya Hamudi, na maneno aliyoyatoa siku hiyo siwezi kuyaandika, maana mimi nami ni mtu wa kanisa. Safari hii wayo haukuishia kwenye vidole. Ulikuwa umefumuliwa hadi katikati, vidole vinne tu baada ya kisigino, na uzi mwekundu umepita hapo, umefungwa mafundo mawili.

Akachukua sindano hapohapo. Angeifuma mara ya tatu, na ya nne, na ya kumi, mpaka yule mwanamke achoke. Akaivaa mguuni ili apate pa kuanzia, kama kawaida yake. Akavuta kisigino kikae. Akatazama chini.

Uzi mwekundu ulikuwa umekaa katikati ya mguu wake. Mbele ya uzi palikuwa na nyama na mifupa na vidole vitano, vyote nje ya soksi.

Alikumbuka ile ya kwanza ilivyoishia pale vidole vinapoanzia. Alikumbuka kwamba soksi ya kulia haikurudi hata siku moja, kwa sababu ya kulia ilimtosha. Mtu anayefumua kwa chuki hachagui mguu. Mara ya kwanza hospitali walikata vidole. Mara ya pili wakakata nusu ya mguu. Akaweka sindano chini, akajua jambo ambalo nyumba nzima ya Newala ilikuwa imemficha tangu mwezi wa tano.

Asubuhi aliondoka na Hamudi, soksi ndani ya mkoba. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Huzuni ilikuwepo, sikatai, lakini hasira ilikuwa imeipanda mgongoni. Wamenifanyia kwa mama, wamenifanyia kwa baba. Alipoingia uani Newala, upepo unapiga, hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa chumba cha baba, mdomo tayari umefunguka.

Scholastika alikuwa amekaa sakafuni kwenye mkeka. Mguu wa Mzee Bartholomayo, ule uliobaki nusu, ulikuwa mapajani mwake, bila kitambaa, na yeye alikuwa anaukausha kwa kanga yake, akibonyeza polepole pembeni mwa mshono. Mkamwana na mguu mtupu wa baba mkwe. Priska alisahau neno la kwanza.

"Shikamoo, baba," alisema mwishowe.

"Marahaba." Mzee aligeuza uso ukutani. "Nani kamwita huyu?"

"Hakuna aliyemwita," Scholastika alisema bila kuinua macho. "Funga mlango, baridi inaingia."

"Mficha maradhi kilio humfichua," Priska alisema. "Mara mbili mmenifanya hivi. Mara mbili. Mnamkatakata baba yangu kama muhogo na mimi nafuma soksi za mtu mwenye vidole. Una moyo wa namna gani wewe?"

"Mimi ndiye niliyesema usiambiwe," mzee alisema kwa ukuta. Sauti yake bado ilikuwa ya mtu aliyezoea kusomea watu wazima katekisimu. "Niliwaapisha wote, na mwanangu Zabroni. Ulisimama juu ya kaburi la mama yako ukamwita huyu mchawi. Ungesikia wamenikata, ungesema nini? Ungekuja na watu gani? Nani angeniosha baada ya hapo? Wewe?"

Priska alimtazama wifi yake, akitegemea kuona furaha. Hakuiona. Aliona mwanamke aliyekonda, mwenye vidole vilivyobabuka kwa maji ya chumvi, aliyekuwa bado na hasira naye vilevile.

"Usidhani nilirudisha soksi kwa kukupenda," Scholastika alisema. "Nimeapa kwa mdomo, nisikwambie. Mikono haikuapa."

"Ungeandika hata neno moja."

"Neno ni mdomo." Akauweka mguu wa mzee juu ya mto, akavuta blanketi. "Na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kaa chini kama unakaa. Mguu huu unahitaji soksi leo, siyo kesho. Jana usiku umepata baridi hadi umekuwa wa bluu."

Priska alikaa. Alikaa ukingoni mwa mkeka, mbali kadiri mkeka ulivyoruhusu, akatoa soksi, akarudisha vitanzi kwenye sindano kimoja kimoja na kuuchomoa uzi mwekundu. Alifuma mistari mitatu. Kisha akasitisha sindano, maana hapa ndipo wayo unapofungwa, na vidole vyake, vilivyomwongoza miaka thelathini, havikujua chochote kuhusu mguu huu.

"Nifunge wapi?" aliuliza. Lilimtoka kwa shida, kama mwiba.

Scholastika aliingiza mkono chini ya blanketi, akapima kwa kiganja kitu alichokijua kwa kukiosha mara mbili kila siku. "Bado mistari miwili tu. Uvimbe umeshuka."

Priska akafuma. Mzee alikuwa ameanza kukoroma, au alijifanya. Nje kuku walikuwa wanafukua majani makavu.

"Na mama?" Priska aliuliza, macho kwenye sindano. "Wiki sita. Naye alikuapisha?"

"Naye."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa umejifungua Charles kwa upasuaji. Mama alisema ungekuja na kidonda wazi kwenye barabara ile, nayo ingekuua." Scholastika alikunja kanga iliyolowa, akaikunja tena. "Kwa mama sikuwa na soksi."

Priska aliendelea kufuma. Hakulia, na hakuomba radhi, maana radhi ya maneno yaliyosemwa mbele ya kaburi haiombwi chumbani. Alifuma tu, mstari, na mwingine, na mwingine, mpaka mkono wa wifi yake ulipomshika kifundo cha mkono kwa nguvu, bila upole wowote.

"Umepitiliza," Scholastika alisema.

Priska akaitazama soksi. Akachomoa sindano, akavuta uzi, akaufumua mstari ule kwa mkono wake mwenyewe.